Waya wa Njia Panda

Wiki tatu kabla ya siku ya wageni, Fundi Saa alikuwa hatulii. Akikaa anainuka, akiinuka anasahau alichoinukia. Dukani kwake, kijumba cha hatua tatu kilichobanwa kati ya muuza viatu na muuza vitabu, alifungua kabati la vioo mara nne asubuhi moja na kulifunga bila kutoa kitu. Mteja aliyekuja kubadilisha mkanda wa saa akamwuliza, "Mama, kuna unachotafuta nikusaidie?" Akajibu hapana, huku bado anatafuta.

Alikuwa mama wa miaka hamsini na saba, mwembamba, miwani puani na kioo cha kukuzia kikining'inia shingoni kwa kamba. Alikuwa akitengeneza saa tangu usichana wake, na jina la Fundi Saa lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata mumewe alimwita hivyo akitaka kumtania.

Kilichomkosesha utulivu kilikuwa mkononi mwake mwenyewe. Miezi saba nyuma, mkono wa kulia ulianza kucheza bila ngoma. Siku ya kwanza aliangusha parafujo ya saa ya kike, ndogo kuliko punje ya ufuta, akaisaka sakafuni kwa sumaku mpaka magoti yakamwuma. Akasema ni uchovu. Wiki iliyofuata akasema ni kahawa, akaacha kahawa. Kufikia mwezi wa tatu hakuwa na kitu kingine cha kuacha. Basi akaanza kuzikataa saa za kazi nyembamba, akiwaambia wateja kwamba vipuri vimeadimika, akabaki na betri na mikanda. Hakumwambia mtu. Mumewe akiwa karibu, aliutia ule mkono mfukoni au aliushikisha kitu kizito, kwa maana ukipewa mzigo ulitulia.

Dukani alijimudu kwa uongo mdogo mdogo. Mahali ambapo uongo haukutosha ni kwenye tramu.

Tramu zilimwingia maishani kwa bahati tu. Miaka kumi na miwili iliyopita mteja alimletea gari la bati, urefu wa shibiri na vidole vitatu, akidhani ndani yake mna mitambo ya saa. Hamkuwa na mitambo ya saa. Mlikuwa na mota ndogo ya umeme iliyokufa. Fundi Saa akaifufua, mteja hakurudi, na lile gari likabaki kaunta likimtazama. Lilikuwa mfano wa tramu, yale magari yaliyokuwa yakipita katikati ya barabara juu ya reli, yakichota umeme kwenye waya wa juu kwa fimbo ndefu iliyosimama paani. Mjini mwao tramu zilikuwa zimeondolewa zamani na reli kufunikwa lami, lakini yeye aliwahi kuzipanda utotoni, amekaa mapajani mwa shangazi yake, na kengele ya tramu hakuisahau.

Alitafuta ya pili, kisha ya tatu. Sasa alikuwa nazo kumi na nne, zimepangwa kwenye rafu ya korido nyumbani, zote za kipimo cha O, yaani zile zinazotembea juu ya reli mbili zilizoachana milimita thelathini na mbili. Wenye kipimo hicho huwacheka wenye vipimo vidogo kwamba wanachezea sindano. Mumewe, mpima ardhi mstaafu, mtu mnene wa polepole, aligonga kiwiko kwenye rafu ile kila alipopita. "Wanaume wenzangu wanawaonea wivu wanaume," alizoea kusema akijisugua. "Mimi naonea wivu bati."

Chama chao kilikuwa na watu tisa na chumba kimoja, ghorofani juu ya duka la dobi, mvuke ukipenya kwenye mbao za sakafu na kila kitu kikinukia sabuni. Meza ya reli ilizunguka kuta tatu: mitaa, maduka ya kadibodi, nguzo za taa, soko, bohari ya magari. Vyama vingine hutundika waya wa juu kwa urembo tu, umeme wakiupitisha kwenye reli. Wao walikataa katakata. Kwao umeme ulishuka kutoka kwenye waya, ukapita kwenye fimbo, ukazungusha mota, ukarudi kwa reli, sawasawa na tramu zenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yao, na ilikuwa mikononi mwa Fundi Saa. Kwa miaka kumi na moja, hakuna hatua ya waya ule ambayo hakuivuta na kuilehemu yeye.

Mwaka huu walikuwa wameongeza tawi jipya la kwenda stesheni, la kuonyesha siku ya wageni, siku watu wa nje wanapokaribishwa kuitazama meza. Pale waya unapogawanyika pana kisahani cha shaba njano, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, kimegeuzwa kifudifudi na kulehemiwa kwa nyaya tatu. Kigurudumu cha fimbo huteleza chini ya kisahani hicho, kikashika njia yake. Kisahani kikiinama unywele mmoja, au risasi ya kulehemu ikiacha kinundu, kigurudumu kinaruka, fimbo inapiga hewa, na tramu inasimama kama punda aliyegoma.

Fundi Saa alikilehemu Jumatatu mchana, peke yake. Mkono ulimchezea shere. Kilibaki kinundu. Akakipiga tupa, na tupa nayo ikayumba. Alipomaliza, kwa mbali kisahani kilipendeza. Kwa karibu hakukitazama.

Alhamisi walifanya majaribio. Mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mwalimu wa hesabu, mwenye sauti ya kuita majina uwanjani. Naye ndiye aliyeshika swichi ya umeme. Magari matatu yalipita njia panda kwa kusitasita. La nne lilikuwa la Mzee Breki, na hilo lilianguka fimbo mara sita katika safari kumi.

Mzee Breki alikuwa na miaka sabini na tisa. Katika wote tisa, ni yeye tu aliyewahi kuendesha tramu za kweli, mpaka siku ya mwisho zilipotolewa barabarani. "Mimi ni dereva niliyestaafu bila kushika usukani," alipenda kusema, maana tramu haina usukani, ina breki. Gari lake dogo lilikuwa mfano wa lile aliloliendesha, namba arobaini na mbili. Alilikata mwenyewe kutoka kwenye bamba la shaba, miaka mitatu, akalipaka rangi ya damu ya mzee na maziwa, na ubavuni na paani akalichora mistari ya dhahabu myembamba kama nywele. Baadaye macho yake yaliingiwa na mtoto wa jicho. Alipasuliwa, akarudi akiona watu na milango, lakini mistari ya namna ile hakuiona tena. Hakuficha. Alisimama katikati ya chumba akawaambia wenzake, "Hili ndilo la mwisho. Likichubuka, limechubuka." Wakacheka, naye akacheka, maisha yakaendelea.

"Au waya una kasoro?" mwanachama mmoja aliuliza.

Mwalimu akamkata kauli. "Waya wa Fundi Saa? Miaka kumi na moja haujamwangusha mtu. Tafuteni kwingine."

Wote wakamgeukia Fundi Saa. Hapo ndipo alipopaswa kusema. Badala yake akaisikia sauti yake, tulivu, ya kifundi: "Labda springi ya fimbo yako ni kali, Mzee. Na kitako chake pale paani kimekaa mbele mno."

"Mbele kiasi gani?"

"Kama milimita mbili."

Mzee Breki akaliinua gari lake, akalileta karibu na uso, akaligeuza. "Mbona miaka yote lilipita?"

"Njia panda hii ni kali kuliko zile za zamani."

"Haya," alisema mzee, akilifunga kwenye kitambaa. "Wewe ukisema mbele, ni mbele."

Tangu saa hiyo Fundi Saa hakujua raha. Alitembea kutoka chamani mpaka nyumbani, mwendo wa saa nzima, akapita mlango wa nyumbani akaenda mpaka mwisho wa mtaa, akarudi. Mezani alikata mkate na kusahau kuula. Ijumaa alifunga duka saa tano, akafungua saa sita, akafunga tena saa nane. Muuza viatu akamwambia, "Jirani, leo mlango wako unapiga makofi." Hata kucheka alicheka kwa kuchelewa. Alijiambia kwamba Mzee atalegeza springi tu, si kazi kubwa. Atalegeza, gari litaendelea kuanguka, watu watatafuta sababu nyingine. Kisha akajiambia kwamba yeye atakitengeneza kile kisahani kwanza, kimyakimya, na kila mtu atafikiri springi ndiyo iliyokuwa na kosa. Wazo hilo lilimfaa. Alilishika kama mtu aliyeokota noti njiani, asiyetaka kuuliza ni ya nani.

Jumanne adhuhuri alikwenda chamani na ufunguo wake. Chini madobi walikuwa wakiimba na pasi zao. Akawasha pasi ya kulehemu, akavuta stuli, akauegemeza mkono juu ya kopo la rangi ili utulie. Ulitulia. Akapumua, akaipeleka ncha ya moto kwenye kisahani, na hapo ukaruka. Ncha ikakosa shaba, ikateremka kwenye paa la kibanda cha magazeti kilichokuwa chini ya waya. Plastiki ikakunjamana, moshi mweusi ukapanda. Akajaribu tena. Waya mmoja ukaachia kabisa. Alipofanikiwa kuurudisha, kinundu kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Akang'oa kibanda kile kilichoungua, akakitia kwenye mkoba wake, akafungua madirisha yote, akashuka ngazi bila kumsalimia mtu.

Siku tatu zaidi alizunguka na kile kibanda mkobani. Jumamosi asubuhi akamwambia mumewe anakwenda kumjulia hali Mzee Breki.

Mzee alikaa peke yake, vyumba viwili vya chini nyuma ya kiwanda cha seremala. Meza yake ya kazi ilikuwa dirishani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Fundi! Ingia, ingia. Umekuja wakati mwafaka. Njoo uone."

Alimvuta mpaka mezani. Arobaini na Mbili ilikuwa imelala juu ya taulo. Paa lilikuwa limekatwa katikati kwa msumeno, kitako cha fimbo kimerudishwa nyuma, na kipande kipya cha shaba kimelehemiwa mahali pake. Moto wa kulehemu ulikuwa umeibabua rangi paani kote na kushuka ubavuni. Ile mistari ya dhahabu ilikuwa imetoa malengelenge na kukatika. Nusu ya namba haikusomeka.

"Milimita mbili kamili," alisema Mzee Breki. "Imenichukua siku tisa. Springi nayo nimelegeza. Rangi imekwenda, lakini ningefanyaje? Gari lisilopita njia panda ni pambo. Ulisema kweli, kitako kilikuwa mbele. Nilipolipima niliona kabisa kiko mbele."

Fundi Saa aliomba maji. Akaletewa, akanywa kwa mkono wa kushoto. Mzee akawa anamweleza alivyolishikilia paa kwa vibanio vya nguo, na alivyomwita seremala amsaidie kuona mstari wa msumeno. Akaendelea kumshukuru. "Wengine wangenyamaza waniache niaibike mbele ya wageni."

Alijibu maneno ambayo baadaye hakuyakumbuka. Akaaga. Akaenda mpaka kituo cha basi, akasimama. Basi likaja, mlango ukafunguka, dereva akamtazama, yeye akatazama viatu vyake. "Mama, unapanda au unaliaga?" Basi likaondoka. La pili lilipokuja hakuwepo tena kituoni. Alikuwa anarudi kwa seremala, karibu anakimbia, mkoba ukimpiga nyonga.

Mzee Breki alifungua mlango na kitambaa mkononi. "Umesahau kitu?"

"Gari lako halikuwa na kosa," alisema Fundi Saa akiwa bado nje. "Kosa ni la waya. Kisahani cha njia panda nilikilehemu vibaya. Nilijua siku ileile."

Mzee hakusogea mlangoni. "Rudia."

"Nilijua, Mzee. Mkono wangu umeharibika. Nimewaficha wote. Ndiyo maana nikasema springi."

"Ingia."

Aliingia. Mzee akafagia vitu mezani kwa kiganja, akasema, "Weka hapa." Fundi Saa akaweka mkono wake wa kulia juu ya mbao. Ulicheza. Kidole gumba kilikwenda na kurudi kama kinachohesabu sarafu. Mzee aliinama akautazama kwa muda mrefu, kwa macho yake yale mabovu.

"Mkono una ugonjwa, nimeuona," alisema mwishowe. "Mdomo una ugonjwa gani?"

Fundi Saa akauondoa mkono mezani.

"Mimi nilipopofuka nilisema. Kwenu. Nikiwa nimesimama."

"Najua."

"Siku tisa nimelikata gari langu kwa sababu ya neno lako. Neno lako, si la mwingine. Mwalimu angesema ningebisha." Alikunja ncha za taulo akaifunika Arobaini na Mbili, polepole, kama anayefunika maiti. "Sasa nenda. Alhamisi utawaambia mwenyewe. Sitakusaidia, na sitakutangulia."

Njiani alijiambia angoje Alhamisi. Lakini akiwa anapanda ngazi za nyumbani alijua kwamba hawezi kuingoja Alhamisi wakati mtu anayelala naye kitanda kimoja hajui. Mumewe alikuwa akimenya viazi. Akamwambia pale pale, amesimama, mkoba begani.

Mumewe aliweka kisu chini. "Miezi saba?"

"Saba."

"Breki amejua kabla yangu."

"Kwa saa moja tu."

"Saa moja ni saa moja." Akaosha mikono, akaifuta, akaiosha tena. "Miaka thelathini nimepima mashamba ya watu. Jiwe la mpaka likisogezwa mkono mmoja nalijua. Nyumbani kwangu mpaka umehama miezi saba, mimi nakula na kulala. Nilidhani umenichoka. Unajua hilo? Unakaa na mkono mfukoni, unaondoka nikija. Nilidhani ni mimi."

Hilo hakulitarajia. Alimwendea, naye akampa mgongo kwa muda, akimenya viazi vingi kuliko wanavyoweza kula watu wawili. Asubuhi mumewe alikuwa tayari amepiga simu hospitali. Miadi ilikuwa Jumanne baada ya siku ya wageni.

Alhamisi Mzee Breki hakuja chamani. Fundi Saa alisimama karibu na bohari ya kadibodi, akatoa kile kibanda cha magazeti kilichoungua, akakiweka mezani, akasema yote, kuanzia parafujo mpaka paa la Arobaini na Mbili. Alisema haraka, kama mtu anayevuta plasta. Alipomaliza, mtu mmoja alikohoa. Mwingine akasema, "Masikini," na haikujulikana anamsikitikia nani.

Mwalimu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza swali. "Kwa hiyo mimi nilipowakemea watu kwamba waya wako hauguswi, uliniacha niseme."

"Nilikuacha."

"Hmm." Aliuma mdomo. "Tawi tulifunge?"

"Linaweza kutengenezeka," alisema Fundi Saa. "Lakini si kwa mkono huu. Kwa wako."

"Wangu? Mimi chaki tu ndiyo nimewahi kushika."

"Basi utajifunza."

Yakafuata mafunzo ambayo Fundi Saa aliyaona magumu kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya. Alikaa kwenye stuli, mikono ameikalia chini ya mapaja isije ikarukia kazi, akimtazama mwenzake akiharibu. "Usipulize. Pasha shaba, usipashe risasi. Ngoja. Ngoja ing'ae. Sasa ondoa. Ondoa!" Mwalimu akachelewa, tone likaanguka. "Mbona unanipigia kelele kama mimi ni darasa la tano?" Wakang'oa, wakaanza tena. Mara tatu Fundi Saa aliinuka akaenda dirishani, akarudi, akainuka tena. Kila kiungo chake kilitaka kumpokonya yule mama pasi ya kulehemu. Kisahani cha nne kiliinama. Cha tano, Jumatano ya wiki ya wageni, kilikaa. Hakikuwa kizuri. Kilikuwa na alama za tupa kila upande. Fundi Saa alikipitishia ukucha kwa chini, akapitisha tena, hakuna kilichokwama.

"Kinapita," alisema.

"Kinapita vizuri au kinapita tu?"

"Kinapita tu. Inatosha."

Siku ya wageni chumba kilijaa tangu saa tatu asubuhi, watu wakipanda ngazi za dobi wakipokezana nafasi kwenye meza. Fundi Saa alizunguka kutoka kona hadi kona, akitazama kila nguzo. Saa nne Mzee Breki aliingia na sanduku lake. Hakumsalimia. Alifungua kitambaa, akaiweka Arobaini na Mbili relini jinsi ilivyokuwa: paa limebabuka, shaba mpya inang'aa katikati kama kidonda kilichofungwa. Akainua fimbo mpaka ikashika waya. Mwalimu akafungua umeme.

Ilitoka sokoni, ikapinda kona ya bohari, ikaikaribia njia panda. Fundi Saa alishika ukingo wa meza. Kigurudumu kiliingia kwenye kisahani kikatoa mlio mdogo, tik, kikatokea upande wa stesheni. Mzee Breki hakuonyesha kitu usoni. Akairudisha. Ikapita tena. Ilipita siku nzima. Ilianguka mara moja tu, na hiyo ni kwa sababu mgeni mmoja aliegemea meza.

Wageni waliuliza. Katikati ya magari yote yaliyong'arishwa, lile moja lililobabuka ndilo lililowavuta. "Mzee, hili limepatwa na nini?" aliuliza bwana mmoja aliyevaa tai.

"Lilipata ajali," alijibu Mzee Breki, akaonyesha kwa kidevu. "Mwulize yule mama. Alikuwepo."

Yule bwana akaja kwa Fundi Saa. Fundi Saa akamtazama Mzee. Mzee akatazama reli. Basi akaeleza: kisahani, kinundu, mkono, neno alilolisema. Baada ya bwana yule akaja mama na bintiye, kisha vijana wawili, kisha fundi bomba aliyetaka kujua ni risasi ya aina gani. Kila aliyeuliza, Mzee alimtuma kwake. Mara ya kwanza alieleza mkono ukiwa mfukoni. Mara ya tano alikuwa akionyesha njia panda kwa mkono uleule, wazi, ukicheza juu ya paa za maduka, na watu walifuata kidole chake kama kilivyokuwa. Mara ya kumi na moja aligundua kwamba Mzee Breki amesogea akamsimamia karibu, anasikiliza.

"Hapo umeruka," alisema Mzee. "Hukusema siku tisa."

"Alilikata kwa siku tisa," Fundi Saa aliwaambia wageni.

"Na seremala."

"Na seremala alimshikia mstari."

Jioni walipozima umeme na kuanza kufunika meza, Mzee alikuja akiwa ameshika sanduku lake kifuani. "Bado nimekukasirikia," alisema.

"Najua, Mzee."

"Ujue. Sitaki uondoke hapa ukidhani yamekwisha." Akashuka ngazi, hatua moja moja, mkono ukutani.

Jumanne hospitali walisubiri saa mbili, yeye na mumewe, kwenye benchi la korido lenye rangi ya kijani. Fundi Saa aliinuka, akasoma matangazo yote ukutani, akakaa, akainuka. Mumewe hakumwambia akae. Aliinuka naye, wakawa wanatembea pamoja, kutoka mlango wa maabara hadi mlango wa ngazi, wakigeuka pamoja kama walinzi. Daktari alimfanya aandike sentensi, achore mduara, aguse pua, atembee kwa kisigino. Kisha akasema kwamba mtetemeko una ndugu wengi wanaofanana sura, na bado hajui huyu ni ndugu yupi. Kuna dawa ya kujaribu. Arudi baada ya miezi mitatu. Hakuahidi kitu.

"Miezi mitatu nifanye nini?" Fundi Saa alimwuliza mumewe nje ya lango.

"Unaniuliza mimi? Mimi shughuli yangu ni viazi."

Hakuwa na moyo wa kwenda dukani, na nyumbani hakutaka. Akamwambia mumewe atangulie. Alitembea kwa nusu saa bila kuamua kitu, na alipopandisha macho alikuwa mbele ya kiwanda cha seremala.

Mzee Breki alikuwa dirishani na Arobaini na Mbili, anaikwangua. Alikuwa ameamua kuondoa rangi yote, ubavu hadi ubavu, libaki shaba tupu. Rangi nusu nusu, alisema, inalifanya gari lionekane kama mtu aliyenyolewa na kinyozi aliyekimbia. Alimtazama Fundi Saa mlangoni, hakumkaribisha, hakumfukuza.

"Daktari kasemaje?"

"Hajui bado."

"Hawajui kamwe." Akasukuma stuli ya pili kwa mguu, akamtupia kipande cha karatasi ya msasa. "Kukwangua hakutaki mkono tulivu. Anza upande wa nyuma. Madirisha usiyaguse."

Fundi Saa alikaa. Mkono ulikwenda na kurudi juu ya shaba, na rangi ya damu ya mzee ikaanza kutoka vumbivumbi, ikamwagikia sketi yake. Alikwangua mpaka jasho likamtoka. Mara mbili aliinuka akaenda mlangoni, akarudi, na mzee hakumwuliza anakwenda wapi.

"Taratibu," alisema Mzee Breki bila kugeuka. "Utatoboa."

"Shaba hii haitoboki."

"Hivyohivyo ndivyo ulivyosema juu ya springi."

Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya majaribio, na kicheko kilimtoka kibaya, nusu kilio. Mzee hakucheka. Alimsogezea msasa mwingine, wa chembe laini zaidi, wakaendelea.